Orodha Tuliyokataa Kuwa Nayo

Fomu ya kujiunga na kikundi chetu cha mbio hapa Juba zamani ilikuwa na mistari 19. Aliyeitunga aliinakili kutoka kwa jimu moja ya Nairobi, akaongeza ya kwake, na mimi nilipochaguliwa katibu nikakabidhiwa rundo la fomu zilizojazwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na filimbi na kipaza sauti kilichoishiwa betri. Jina la mtu, la baba, la babu. Jimbo, kaunti, kisha payam na boma, ngazi za utawala zilizo chini ya kaunti. Dini. Kundi la damu. Mwajiri na cheo. Namba ya pasipoti au ya jenesia, yaani hati ya uraia. Simu ya mke au mume. Yote hayo aulizwe mtu anayetaka kukimbia kilomita nane Jumamosi alfajiri, anywe chai, arudi kwake.

Fomu ya sasa ina mistari mitatu: jina unalotaka tukuite, namba yako ya simu, na namba ya mtu wa kupigiwa ukianguka njiani. Wanaotaka kuanzisha vikundi vya namna hii, vya chesi, vya kwaya, vya kupanda Jebel Kujur, huniuliza ile mistari mingine 16 ilikwenda wapi. Swali ni zuri, maana habari za ulinzi wa taarifa za watu huandikwa kana kwamba ni za mabenki na kampuni za simu peke yake.

Sisi hatuna ofisi wala anayelipwa. Katibu ni mimi, ambaye siku za kazi naandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Mweka hazina ni Mganda anayeuza vipuri soko la Custom. Anayetuongoza njia ni mwalimu. Wanachama ni Wakenya, Waganda, Wakongo, Watanzania wachache, wafanyakazi wa mashirika wanaokuja kwa mkataba mfupi na kuondoka, na sisi wa Sudan Kusini tuliorudi kutoka Kakuma, Eldoret, Arua na Kampala tukiwa na Kiswahili chetu mdomoni. Tunakimbia kabla jua halijapata nguvu. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa kuwa joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45, kwa hiyo hakuna hapa anayetamani kuwa barabarani saa nne asubuhi.

Nilikulia Kakuma, na mtu wa kambini hahitaji kufundishwa uzito wa orodha. Jina likiwemo, unakula. Likikosekana, unapanga foleni ya malalamiko. Mwaka 2013 watu walianza kuweka kidole kwenye mashine kabla ya kupimiwa mgao, na sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyeuliza alama ile ya kidole inakwenda wapi. Nani angeuliza, na sufuria i tupu? Miaka ilipita ndipo nikaanza kuuliza mwenyewe. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye kompyuta zinazohifadhi taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao vitani, waliotoweka na wafungwa. Huku kwetu familia nyingi zimewahi kupeleka jina la mtu aliyepotea kwa Msalaba Mwekundu, kwa hiyo habari ile haikuwa ya mbali. Nikatazama mfuko wangu wa plastiki. Kama wenye wataalamu na makao Geneva wamevamiwa, karatasi zilizo chini ya kitanda changu Munuki zina mlinzi gani? Jibu lilikuwa wazi: kisichoandikwa hakiibiwi. Tukaanza kukata.

Cha kwanza kuondoka kilikuwa jina la babu, pamoja na kaunti, payam na boma. Msomaji wa Dodoma au Tanga huenda akashangaa, maana kwake jina la babu ni jina tu. Hapa ukisoma majina matatu ya mtu, mara nyingi umeshajua kabila lake, na ukiongeza boma umeshaukaribia ukoo. Vita vilipolipuka Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, watu walisakwa nyumba kwa nyumba kwa sababu ya kabila lao, katika mitaa kama Gudele na Munuki, na kisasi kikafuata katika miji mingine. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Afrika, iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo, iliyaandika hayo katika ripoti iliyotolewa Oktoba 2015. Baadhi yetu tunaokimbia bega kwa bega siku hizi tulikuwa pande mbili za hofu ile. Kila mmoja wetu analijua kabila la mwenzake, na tunataniana nalo tukipanda kilima. Lakini kulijua ni jambo moja, na kuwa na karatasi inayowapanga watu kwa makabila yao ni jambo jingine kabisa. Karatasi haina utani.

Simaanishi kwamba kuna mtu anayewinda wakimbiaji. Hatari za kila wiki ni za kawaida: mdai anayemtafuta mdaiwa, mume aliyeachwa anayetaka kujua mke anaishi wapi siku hizi, tapeli anayepiga simu akijitia ni mtu wa kampuni ya simu na tayari anajua jina lako na mahali unapofanya kazi. Hao hawahitaji udukuzi. Wanahitaji rafiki mmoja mwenye orodha na asiyejua kusema hapana.

Kundi la damu na maradhi ndivyo vilivyotuletea ubishi mrefu zaidi. Muuguzi mmoja tunayekimbia naye alitaka katibu ajue nani ana pumu, nani ana kisukari, nani ana selimundu. Hoja yake ilikuwa nzito. "Mtu akianguka pale darajani," alisema, "utaanza kumhoji?" Nikamjibu kwamba mtu akianguka pale darajani, mimi nikiwa nimelala kwangu na malaria, karatasi yangu haimfai kitu. Ukweli ulikuwa kwa wote wawili, na suluhisho likatoka kwenye mbio kubwa. Ukigeuza namba ya kifuani ya marathoni nyingi, nyuma yake kuna nafasi ya kuandika maradhi yako na mtu wa kupigiwa. Wenye mbio wanajua kwamba habari ya afya inatakiwa iwe mahali mwili ulipo.

Basi kila mwanachama anaandika kadi yake mwenyewe, anaipitisha kwenye mashine ya plastiki, na anaifunga kwenye kamba za kiatu au anaitia mfukoni mwa bukta. Anayeandika sana aandike, na asiyetaka kuandika kitu ni hiari yake. Kadi inakimbia na mwenyewe na inarudi naye nyumbani. Muuguzi ameridhika, na mimi sijui nani anameza dawa gani. Hilo ni nafuu kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu Juba ni mji ambao kila mtu ni shemeji wa mtu, na habari ya virusi vya Ukimwi ikitoka mara moja hairudi ilikotoka, hata aliyeitoa akilia.

Mweka hazina hakukubali haraka. Julai 2016, mapigano yaliporudi mjini, yeye alikuwa hapa, akatoka kwa barabara ya Nimule wakati jeshi la Uganda lilipotuma msafara kuja kuchukua raia wake. "Dada katibu," aliniambia, "siku ile kama jina lako halipo kwenye karatasi, nani atajua umebaki?" Nilimwacha amalize, kwa sababu mtu aliyepita njia ile ana haki ya kumaliza. Kisha tukakubaliana hivi: orodha ya kuokoa watu ni kazi ya mwenye gari la kuokolea. Balozi zina orodha zao, na waajiri wana zao. Kila Januari tunawakumbusha wageni wakajiandikishe ubalozini mwao, na tunaishia hapo. Kikundi cha mbio hakina lori. Kukusanya namba za pasipoti bila lori ni kumpa mtu matumaini ambayo hatuwezi kuyatimiza, na kuwapa wezi kazi rahisi.

Ila kama ungeniuliza hatari kubwa ya taarifa za watu Juba iko wapi, nisingekutajia wadukuzi. Ningekutajia kibanda cha kutoa kopi. Wengi wetu hatuna printa, na umeme wa majumbani si wa kutegemea. Ukitaka nakala ya jenesia unamtumia kijana wa kibandani kwa WhatsApp, au unampa flashi yako. Anaifungua kwenye kompyuta, anachapa, unalipa, unakwenda. Faili limebaki. Ukichungulia kioo cha ile kompyuta utaona pasipoti, vyeti vya ndoa, majibu ya maabara, mikataba ya nyumba, vyote vimetawanyika mbele ya kila mteja anayesubiri zamu yake. Kijana si mwovu. Hana tu sababu ya kufuta, na hakuna aliyewahi kumwomba. Karatasi zilizochapwa vibaya huingia kwenye boksi, na boksi huuzwa kwa wanaofungia vitu. Nimewahi kununua karanga soko la Konyokonyo zilizofungwa kwa fomu ya mtu ya kuomba kazi, na picha yake ndogo bado imebanwa pembeni, ananitazama.

Tangu hapo hakuna kitu chenye majina ya wanachama kinachokwenda kibandani. Fomu tupu, sawa, zichapwe mia. Zilizojazwa hazitoki mkononi mwangu. Majina na namba yamo kwenye daftari moja, kwa kalamu, na daftari liko kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Vijana wananicheka kwamba nimerudi enzi za mkoloni. Waache wacheke. Daftari halitumwi kwa bahati mbaya kwa watu 200 kwa kugusa kioo. Lina udhaifu wake, najua: linaungua, linalowa, linaliwa na mchwa. Likipotea tutaulizana namba upya Jumamosi inayofuata, na hakuna atakayekuwa ameumia. Tunapofikiria kuweka kitu chochote, huo ndio mtihani wangu: kikipotea tutapata usumbufu tu, au kuna mtu atapata madhara?

Ulinzi wa karatasi ulikuwa rahisi ukilinganisha na saa za mkononi. Mwishoni mwa 2017 Strava, programu ambayo wakimbiaji huitumia kurekodi mbio zao, ilitoa ramani ya dunia iliyong'arisha njia zote ambazo watumiaji wake wamepita. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia aitwaye Nathan Ruser akawaonyesha watu kwamba katika nchi kama Syria na Afghanistan mistari ile ilichora kambi za kijeshi, maana askari walikuwa wakikimbia kuzizunguka na saa zao mkononi. Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa likaonyesha jinsi walinzi wa Rais Macron walivyoweza kufuatiliwa kwa mbio zao za asubuhi. Paris ina maelfu ya mistari na mmoja unaweza kupotea katikati yao. Kwenye mji ambao wenye saa za aina hiyo wanahesabika, mstari mmoja unaotoka kwenye geti fulani Thongpiny kila alfajiri na kurudi kwenye geti lilelile ni barua ya wazi kwa mwizi: ninaishi hapa, na saa hizi sipo.

Programu yenyewe ina mahali pa kuficha mwanzo na mwisho wa njia, na tunamwonyesha kila mgeni mwenye saa kabla hajakimbia nasi. Zaidi ya hapo tumeweka desturi. Tunaanzia uwanja wa wazi, kamwe si kwenye geti la mtu. Saa zinawashwa tukishakusanyika. Njia ya Jumamosi inatangazwa Ijumaa jioni na si kabla, na haipiti karibu na kambi yoyote ya wenye bunduki, wawe wa serikali au wa Umoja wa Mataifa.

Kundi la WhatsApp nalo lilikuwa na kero yake, na waliobeba kero hiyo ni wanawake. Namba ya dada ikiingia kwenye kundi la watu mia inaonwa na watu mia, na wiki haiishi kabla hajapata ujumbe wa "hujambo mrembo" saa tano usiku kutoka kwa mtu asiyemjua hata kwa sura. Wengine walijitoa kimya kimya, na viongozi waliotangulia wakadhani wamechoka kukimbia. Siku hizi kundi ni la matangazo tu, limepangwa ndani ya jumuiya ya WhatsApp ili wanachama wasizione namba za wenzao. Maongezi tunayafanya kwa mdomo, tukiwa tunahema. Na kwa wale wanaoniambia WhatsApp imefungwa kwa msimbo toka mwisho mmoja hadi mwingine: ni kweli, imefungwa hivyo tangu 2016, lakini msimbo hauna kazi simu ikiwa mezani mbele ya mtu mwingine na umeshaifungua mwenyewe.

Picha zina kanuni moja. Inapigwa picha ya pamoja mwisho wa mbio, na asiyetaka kuonekana anasogea kando bila kuulizwa sababu. Kuna aliyemwambia bosi wake anaumwa mgongo. Kuna ambaye familia yake haijui anakimbia na wanaume. Kenya watu wameanza kulipia kosa hili: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hapa Juba tuna kikwazo cha ziada ambacho kwa mara moja kinatufaa: kutoa kamera hadharani bila kibali, hasa karibu na daraja au uwanja wa ndege, ni kujitafutia kesi. Picha zetu ni chache kwa lazima.

Na sheria? Katiba ya Mpito ya 2011, kifungu cha 22, inasema faragha ya mtu isiingiliwe, maisha yake, familia yake, nyumba yake wala mawasiliano yake, isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Sheria mahsusi ya taarifa binafsi, kama walizo nazo jirani zetu, bado hatuna. Uganda na Kenya zilipitisha zao mwaka 2019. Ya Tanzania ni ya 2022, ikaanza kazi Mei 1, 2023, na ina Tume yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakenya wetu hupenda kunikumbusha kwamba kwao anayeingiza chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka na kuajiri watu wasiofika kumi kwa kawaida halazimiki kujisajili kwa Kamishna. Nami huwakumbusha kwamba kusamehewa usajili si kusamehewa wajibu. Mteja wa pale Nairobi hakuulizwa ukumbi una wafanyakazi wangapi kabla ya kulalamika.

Kesi ninayoipenda zaidi haitoki Afrika wala haihusu kampuni. Bodil Lindqvist alikuwa mama wa kujitolea katika parokia moja ya Sweden. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alijifunza kompyuta, akaandika mtandaoni habari za wenzake 18 wa parokia kwa mzaha mwepesi: majina, kazi zao, simu za baadhi yao, na kwamba mmoja wao ameumia mguu na anafanya kazi nusu siku. Hakuwa na nia mbaya. Alipogundua wengine hawakupendezwa alifuta yote, lakini hata hivyo alishtakiwa na kutozwa faini. Novemba 6, 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba ndiyo, hata parokia, hata kwa kujitolea, hata mguu wa mtu: ni taarifa binafsi, na ule mguu ni taarifa ya afya. Ukitoa habari za watu kwa kila mwenye intaneti, huwezi kujitetea kwamba ni mambo ya nyumbani. Nawasimulia kesi hii viongozi wa vikundi wanaodhani wema wa moyo ni kufuli.

Linalonisumbua mpaka sasa ni makabidhiano. Juba watu huondoka. Mkataba umekwisha, mtoto ameanza shule Kampala, mama anaumwa Kisumu. Kiongozi wa kujitolea anaondoka na simu yake, na ndani ya simu kuna kila kitu. Aliyenitangulia aliniachia mfuko lakini picha za zile fomu zilibaki kwenye simu yake, na tulimwomba azifute akiwa tayari yuko mji mwingine. Alisema amefuta, nami namwamini kwa sababu sina njia nyingine. Sasa anayeondoka anakaa na watu wawili kabla ya safari. Anatoka kwenye usimamizi wa kundi, anafuta namba ambazo si za rafiki zake, anatazama pia nakala zilizojihifadhi zenyewe mtandaoni, ambazo karibu kila mtu huzisahau, kisha anakunywa soda yake. Zile fomu za mistari 19 tulizichoma uani kwa mweka hazina, na zilichukua muda kuliko nilivyofikiri. Karatasi nyingi zikishikana haziungui katikati. Mtu alilazimika kuzichokoa kwa kijiti.

Mwaka jana ulikuja mtihani wa kweli. Kampuni moja ya hapa mjini ilitaka kutudhamini: tisheti, maji ya kunywa, bendera ya mwisho wa mbio. Sharti lilikuwa dogo, walisema. Tuwape orodha ya wanachama, majina, simu na kazi za watu, "kwa ajili ya ripoti." Kikao kilikuwa kirefu na chenye kelele. Vijana walitaka tisheti. Mwalimu alisema namba si zetu kuzigawa, zimewekwa kwetu amana. Mweka hazina, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshakuwa mkali wa mambo haya kuliko mimi, aligonga meza na kusema hata jina lake la kwanza wasilipate. Tukawajibu kwa heshima kwamba orodha haipo ya kutoa, lakini wakipenda walete meza na mtu wao uwanjani Jumamosi, na kila mwanachama ataamua mwenyewe.

Walileta meza. Fomu yao ilikuwa ndefu kuliko ile yetu ya zamani, na mwisho wake ilitaka na picha ya pasipoti. Nilisimama kando nikitazama nani atakwenda. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mweka hazina, kalamu mkononi, akimuuliza kijana wa kampuni kama wana saizi kubwa.